Mama Anakusalimu

4 Februari

Mwalimu,

Heshima yako. Hunijui, lakini mpwa wako unamjua, yule mrefu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mimi ndiye fundi aliyemshonea mapazia ya sebuleni. Nilipokuwa juu ya ngazi nikipima dirisha lake, aliona kitabu kikichungulia kwenye mkoba wangu akauliza, "Mama, Kihispania cha nini tena?" Nikamjibu kuuliza si ujinga, lakini kuulizauliza ni umbea. Akacheka, akaniandikia anwani yako. Akasema mjomba wake alifundisha Kihispania mpaka akastaafu, na kwamba hapendi simu wala wageni, ila barua anazijibu zote, hata za matangazo.

Kitabu nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Nilianza vizuri. Meza, kiti, mkate, dirisha, vyote navijua, na jirani yangu amechoka kusikia nikivitaja. Halafu nikafika kwenye somo la vile vineno vidogo, me, te, lo, la, le, nikakwama. Nikivisoma navielewa. Nikifunga kitabu vinatawanyika kama pini zilizomwagika sakafuni.

Niseme mapema kwamba sitafuti cheti. Mwanangu alioa huko wanakosema lugha hiyo, basi nataka kujua tu kidogo.

Nimeweka stempu ya kujibia.

Fundi wa Mapazia


15 Februari

Mama Fundi,

Salamu zimefika. Mpwa wangu ana mdomo mpana, lakini safari hii nimemsamehe.

Sifundishi watu wanaotaka "kujua tu kidogo". Watu hao wakifika kwenye vitenzi hutokomea. Wewe umeshafika kwenye vitenzi na bado upo, kwa hiyo ama una kichwa kigumu ama kuna jambo. Yote mawili yananifaa.

Sasa sikiliza. Hivyo vineno unavyo tayari nyumbani kwako. Ukisema "nimemwona", huyo aliyeonwa umemficha katikati ya kitenzi, hana hata nafasi ya kunyoosha miguu. Nao wana kineno chake. La ni yeye, akiwa mwanamke. Lo ni yeye, akiwa mwanamume. Wao hujali hilo, sisi wala. Me ni mimi ninayetendewa, te ni wewe. Na ukimpa mtu kitu, ukimwandikia, ukimwambia, huyo anayepokea ni le, awe mwanamume au mwanamke.

Masharti yangu ni mawili. La kwanza, sitaki sentensi za vitabuni, ambamo watu kutwa nzima wanafungua madirisha na kuyafunga. Niandikie lililotokea kwako wiki hii. Mtu akisema ya kweli hushika haraka. La pili, nikisahihisha, unanakili upya kama nilivyosahihisha, bila kubishana. Natumia wino mwekundu na siuonei haya. Haijawahi kutoka karatasi mikononi mwangu ikiwa na kosa, na haitatoka sasa.

Mwalimu


27 Februari

Mwalimu wangu,

Nipe pole kwanza, vidole vimechomwa na sindano. Kuna hoteli ndogo imeagiza mapazia mazito ya vyumba vyote, na kitambaa chao kigumu kama shuka la mwanajeshi. Lakini mazoezi nimefanya. Umesema huyo mtu yuko katikati ya kitenzi, basi nimemweka katikati:

Mi hijo llamema los domingos. Mwanangu hunipigia simu Jumapili.

La clienta trae la tela y yo corlato. Mteja analeta kitambaa nami nakikata.

El gato roba mi hilo y yo persilogo. Paka anaiba uzi wangu nami namfukuza. (Hili ni kweli tupu, na mwizi mwenyewe amelala miguuni pangu sasa hivi kama hajui kitu.)

Yo eslecribo a mi nuera. Ella no conmetesta. Namwandikia mke wa mwanangu. Yeye hanijibu.

Huwa namwandikia kwa Kiswahili, mwanangu ndiye humsomea.

Fundi wa Mapazia


10 Machi

Mama Fundi,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nimefundisha vijana wavivu, vijana wazembe, na mmoja aliyelala kila Jumatatu, lakini sijawahi kumwona mtu anayepasua kitenzi cha watu tumboni na kumtia mtu ndani. Corlato! Mwenyewe nilikwambia yuko katikati ya kitenzi cha Kiswahili. Kwao anasimama nje, mbele ya mlango: me llama, la corto, lo persigo, le escribo, no me contesta. Kilichobaki utakiona kwa wino mwekundu. Nakili.

Kosa, hata hivyo, limenifurahisha. Hilo ni kosa ambalo hawezi kulifanya Mhispania, Mwingereza wala Mfaransa. Ni letu peke yetu.

Somo jipya. Kitenzi chetu hubeba mzigo mmoja. Ukisema "nimempa", kilichotolewa kinabaki nje kikisubiri kutajwa. Wao hubeba vyote viwili, anayepokea kwanza na kitu baadaye. Me lo da, ananipa hicho. Ila le lo hawasemi, le hugeuka se: se lo doy, nampa hicho. Usiniulize kwa nini. Masikio yao yanapenda hivyo.

Mimi si mmbea, lakini sentensi yako ya mwisho umeiandika kwa herufi zilizoinama, na zote nyingine zimesimama. Kwa nini mkwe wako hakujibu, na ulimwandikia nini?

Mwalimu


22 Machi

Mwalimu wangu,

Leo sina mazoezi. Nimekaa mezani tangu asubuhi, mapazia ya hoteli yananitazama, na sijashika hata mkasi.

Uliuliza kwa nini mkwe wangu hanijibu. Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alizaliwa hakukaa. Hata wiki hakumaliza. Mwanangu alinipigia, nikapiga magoti papo hapo kando ya simu. Nikamwambia, mpe mkeo asikie, nawe umwambie ninachosema. Nikasema yote ambayo mama humwambia binti yake aliyefiwa. Kule nikasikia mwanangu anasema kitu, kisha yule binti akasema "Gracias," basi. Tangu hapo nimempa pole katika barua, nimempa pole katika simu, na yeye ni gracias, kama mtu aliyepishwa mlangoni. Nikajiambia huyu ana moyo wa jiwe, au nilimkosea mahali. Nimekaa na wazo hilo muda mrefu na limenichosha. Ndiyo maana nikanunua kitabu. Nilitaka nimsikie kwa masikio yangu, nijue kosa langu ni lipi.

Sasa ana mimba tena. Jumapili iliyopita mwanangu akapiga, mkewe yupo pembeni. Nikasema, "Mwambie huyu anayekuja namwombea kila siku, na yule aliyetangulia namkumbuka. Mwambie asiogope, mimi mama yake niko naye." Kisha nikanyamaza nisikilize. Mwanangu akasema:

"Mamá te saluda."

Mwalimu, te naijua. Umenifundisha mwenyewe. Anakusalimu. Maneno yangu yote yale, na kilichofika ni "Mama anakusalimu." Naye akajibu gracias. Wewe ungejibu nini?

Kwa hiyo yule binti hajawahi kupata pole yangu. Hata mara moja. Anachojua ni kwamba mama mkwe wake ni mtu wa salamu tu, mtoto akifa salamu, mimba ikiingia salamu. Nilikata simu nikalia. Nikamkasirikia mwanangu. Halafu nikamhurumia, maana namjua, tangu mdogo jambo likimuuma hulimeza zima. Sitaki kumwumbua mbele ya mkewe.

Nataka niseme mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa. Nikichelewa nitafika pale kama mgeni wa kukaribishwa chai, na mimi sitaki kuwa mgeni kwa mjukuu wangu. Nimejaribu kuiandika barua yenyewe kwa lugha yao, iko kwenye karatasi ya pili. Mwanangu hajui kwamba najifunza. Nisaidie.

Fundi wa Mapazia


1 Aprili

Mama Fundi,

Pole. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu wao hawana neno hilo. Wao husema lo siento, yaani nalihisi hilo. Ukilitazama vizuri si baya.

Barua yako nimeisahihisha. Ilikuwa na makosa mengi kuliko maneno. Umeniandikia tena relocuerdo, badala ya lo recuerdo, namkumbuka. Nimetoa marudio, nimepanga aya, nimeweka heshima mahali pake. Nakili kama ilivyo, usiongeze hata nukta. Barua hiyo sasa jaji wa kwao akiisoma hatapata pa kunyooshea kidole.

Natumaini itafika salama.

Mwalimu


3 Mei

Mwalimu,

Jibu limekuja. Nalinakili lote, maana ni fupi:

"Señora: dígale a su hijo que no me escriba más en nombre de usted."

Nimelisoma bila kamusi. Mwambie mwanao asiniandikie tena kwa jina lako. Yaani vineno ulivyonifundisha vimo humo, le na me, vimepangwa barabara, na kila kimoja kimenichoma.

Mwanangu amepiga simu. Kumbe kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mkewe, alikuwa akimpa kadi kutoka kwangu. Mimi sijawahi kutuma kadi, sikujua hata siku yenyewe! Alikuwa akiziandika yeye, kwa Kihispania safi, ili mkewe aone anapendwa huku. Mkewe aligundua mwaka jana akazitupa zote. Sasa inafika barua, safi kuliko kadi, kutoka kwa mama mkwe asiyejua kusema hata habari ya asubuhi. Amemwambia mumewe, "Umeandika wewe, mama yako amenakili tu. Hata mtoto wetu aliyekufa unamtumia." Hawasemezani nyumbani. Mwanangu ananiuliza, "Mama, nani aliyekuandikia?"

Na kweli nilinakili. Ulisema nisiongeze hata nukta.

Mteja mmoja aliwahi kuniletea picha ya gazeti, akataka mapazia yale yale. Nikashona yale yale. Alipoyatundika akaniambia ni mazuri sana, ila anajisikia yupo kwa watu. Barua ile ilikuwa hivyo, Mwalimu. Sikuwemo. Nimekukasirikia, na nakwambia ili usije ukasikia kwa mpwa wako.

Fundi


14 Mei

Mama Fundi,

Nimechana karatasi kadhaa kabla ya hii.

Una haki ya kukasirika. Uliponiletea barua yako, mimi nilichukua kalamu hata kabla sijafika mwisho. Ndivyo nilivyozoea. Mwanafunzi ananiambia bibi yake amefariki, mimi naona kitenzi kimekosa wakati uliopita. Wengine darasani walikuwa wanacheka, nikadhani wananicheka kwa sababu ni mkali. Nimekuharibia jambo lililokuwa la thamani kwako, na sina wino wa kulisahihisha. Nisamehe.

Lakini nitasema ninachokijua, maana ndicho pekee nilichonacho. Huyo binti amekaa na mwanao miaka. Anajua mwanao anakosea wapi na hakosei wapi. Mtu anayesema Kihispania safi akijaribu kuigiza makosa ataigiza makosa ya watoto, au ya watalii. Hawezi, hata akikesha, kufikiria kuandika corlato. Kosa hilo haliji mpaka uwe umezaliwa ukisema "nimemwona" na umefika kwenye lugha yao ukiwa mtu mzima, umechoka, na una haraka ya kumwambia mtu jambo.

Kwa hiyo andika tena. Usitumie ile yenye wino wangu, itakuchanganya. Andika upya, mwenyewe, bila kitabu, usitafute neno usilolijua. Na usiniletee niione. Nakuomba sana. Nikiiona mkono utaniwasha.

Mwalimu


23 Mei

Mwalimu wangu,

Imeondoka jana. Nimeandika kwa kalamu ya kuchorea vitambaa kwa sababu ile nyingine ilikuwa imekauka, na paka alipita juu yake ikiwa mbichi, basi nikamwacha naye atie sahihi.

Nilimweleza kuhusu pazia. Nadhani sijakwambia. Yule mtoto wa kwanza nilimshonea pazia dogo la dirisha lake, la njano lenye pindo la vifaranga. Lilikuwa limekunjwa tayari kwenda posta siku simu ilipopigwa. Sikulituma, wala sikumpa mtu, liko kabatini. Neno la pindo silijui, wala la vifaranga, kwa hiyo nikachora. Vifaranga vimetoka kama viazi vyenye midomo.

Naogopa, Mwalimu. Akinijibu vibaya tena sitaandika tena.

Hasira zimekwisha, kama ulikuwa unajiuliza.

Fundi wa Mapazia


18 Juni

Mwalimu wangu!

Amejibu. Kurasa nne. Nimemaliza wiki nzima kuzisoma, neno kwa neno, na kamusi imetoka jalada.

Anasema alipoifungua alitaka kuichana. Akaona viazi vyenye midomo. Akasoma mstari wa kwanza, akarudia, hakuelewa, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye relocuerdo akasimama. Akaenda kwa mwanangu jikoni akamuuliza, "Neno hili ni nini?" Mwanangu akalitazama, akasema, "Mama amemtia mtoto katikati ya kitenzi. Ndivyo tunavyosema sisi." Kisha mwanangu akakaa chini sakafuni, pale pale jikoni, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya msiba. Naye akakaa kando yake. Anasema hapo ndipo mwanangu alipomwambia yote niliyokuwa nasema kwenye simu, tangu siku ile, moja baada ya jingine. Aliyakumbuka yote. Alikuwa ameyaweka.

Anasema miaka yote alidhani aliyemlilia mtoto wake ni yeye peke yake.

Na Mwalimu, ameniambia jina la yule mtoto. Sikujua kwamba walimpa jina. Hakuna aliyeniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Sikuandikii, utaniwia radhi, ni la nyumbani kwetu. Lakini nalitaja kila nikikaa kwenye cherehani.

Mwisho wa barua ameandika, "Yo también relocuerdo." Mimi pia namkumbuka. Ameliandika hivyo hivyo nilivyokosea mimi.

Anataka niende kabla hajajifungua. Ananiambia nilete pazia.

Fundi wa Mapazia


29 Juni

Mama Fundi,

Nimefurahi. Sina mazoea ya kuandika neno hilo, kwa hiyo ujue nimelipima.

Relocuerdo ni kosa. Nilipoisoma barua yako kalamu ilikuwa mkononi, kifuniko kimefunguliwa, na nimelipita bila kuligusa.

Utakapofika, ukikwama, usikimbilie kitabu. Onyesha kwa kidole. Useme makosa yako kwa sauti kubwa. Nenda salama, na hicho kitambaa cha hoteli cha watu umalize kwanza.

Mwalimu


19 Agosti

Mwalimu wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwa mtoto. Dirisha ni pana kuliko nilivyokisia, imebidi niongeze kipande cha kitambaa cheupe pande zote mbili. Cherehani yake ni ya umeme, inakimbia kama imeona moto, lakini tumeelewana. Pazia limetundikwa. Mkwe wangu alisimama akalishika pindo muda mrefu, kidole juu ya kifaranga kimoja, halafu kingine.

Mwanangu alikuja kunipokea. Njiani akaniambia, "Mama, kila nikitaka kutafsiri nilikuwa nahisi sauti inakatika. Nikawa najiambia nitamwambia kesho." Nikamwambia nimeshakusamehe zamani, shika usukani, tazama mbele.

Msichana amezaliwa salama, mzima, ana mapafu ya mnadi samaki. Kihispania changu ni aibu tupu, Mwalimu, ungezimia. Jana nimemwomba mkwe wangu aniletee mtoto nikasema traemela, na kumbe safari hii nimepatia! Ameniambia kwamba ukiamuru, vile vineno huja nyuma. Hukunifundisha hilo. Nikirudi utanieleza kwa nini.

Lakini jambo lililonifanya nikuandikie leo ni hili. Asubuhi tulikuwa jikoni, mimi na mkwe wangu. Yeye anamnyonyesha, mimi namenya viazi. Akaanza kunisimulia juu ya yule wa kwanza, nywele zake zilivyokuwa, alivyomshika kidole. Nami nikamsimulia mwanangu alivyozaliwa, mguu kwanza, mkunga akaapa hatawahi kutembea sawasawa. Tulisema mengi. Kwa makosa, kwa vidole, na kwa viazi, ambavyo nilivipanga mezani kuonyesha mguu na kichwa. Tulicheka, tukalia kidogo, tukacheka tena.

Mwanangu akaingia akitoka kuoga, taulo shingoni. Akatutazama sote wawili, macho mekundu, viazi vimepangwa kama mtoto. Akauliza:

"Mama, mnasema nini? Amekwambia nini?"

Nikamtazama mkwe wangu. Akanitazama. Nikachukua kiazi kingine nikaendelea kumenya.

"Anakusalimu," nikamwambia.

Fundi wa Mapazia